Ukuta Unaolowa Mvua Ikinyesha: Tafuta Maji Yanapoingilia Kabla ya Kununua Rangi

Ikifika Aprili, simu yangu hujaa picha za kuta. Doa la kahawia chini ya dirisha, rangi iliyovimba na kuinuka kama ngozi iliyoungua, ukungu mweusi nyuma ya kabati la mtoto. Chini ya picha swali ni lile lile: "Fundi, nipake rangi gani ili hii isirudi?"

Jibu langu halijabadilika kwa miaka yote niliyofanya kazi hii kati ya Kisumu, Kakamega na Nakuru. Hakuna rangi ya ndani itakayozuia maji yanayotoka nje. Maji yamepata mlango mahali fulani, na mara nyingi mlango huo hauko pale unapoliona doa. Ukiupata na kuufunga, ukuta utakauka wenyewe. Usipoufunga, utanunua rangi kila mwaka.

Nyumba za huku zina udhaifu wake. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyumba nyingi ni za matofali ya udongo yaliyochomwa kienyeji. Yale yaliyokaa pembezoni mwa tanuri hayakuiva, na hunywa maji mpaka yanalainika. Nakuru tunajengea mawe ya volkano, mepesi, yenye vitundu vidogo vidogo. Kisumu mvua ya jioni huja na upepo na kuupiga ukuta ubavuni. Wazee wetu walijenga kwa udongo lakini wakaweka upenu mpana, kwa sababu walijua udongo na mvua havipatani. Siku hizi tunaficha paa nyuma ya ukuta, hakuna upenu hata wa kiganja, halafu ukuta unabeba mvua yote peke yake. Kama bado hujajenga, weka upenu wa angalau sentimita 60. Kama umeshajenga, endelea kusoma.

Kwanza, je, ni mvua kweli?

Maji hufika ukutani kwa njia nne, na kila njia ina tiba yake. Ukikosea hapa, pesa zako zote zitapotea.

*Mvua inayopenya.* Doa hukolea saa chache au siku moja baada ya mvua, kisha hufifia jua likiwaka siku kadhaa. Linaweza kuwa popote: juu, katikati, kando ya dirisha. Kwa kawaida liko kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, si ukuta wa kati.

*Maji ya ardhini.* Hupanda kutoka msingini. Utaona mkanda chini ya ukuta, kwa kawaida usiozidi mita moja kutoka sakafuni, wenye chumvi nyeupe, nao haukauki hata Januari.

*Bomba lililotoboka.* Hili halijali mvua. Funga mabomba yote usiku, andika nambari za mita ya maji, zisome tena asubuhi kabla mtu hajafungua maji. Zikiwa zimesonga, muite fundi wa mabomba.

*Jasho la ukuta.* Mvuke wa kupika, wa kuoga na wa pumzi hugeuka maji ukigusa ukuta baridi. Hupenda pembe za chumba na nyuma ya kabati, hasa Nakuru Julai, watu wakifunga madirisha usiku kucha.

Ukibaki na shaka, kata kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha mwanya, usubiri siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, hilo ni jasho: fungua madirisha, sogeza kabati, huhitaji simiti. Unyevu ukiwa upande wa ukuta, ukuta wenyewe umebeba maji.

Onyo kabla ya yote. Kama doa limefika kwenye swichi au soketi, zima umeme kwenye swichi kuu na usiuwashe sehemu hiyo mpaka fundi wa stima aikague. Na kama nyumba ni ya zamani yenye paa la asbesto, usilikate, usilitoboe, wala usilipige brashi. Vumbi lake huharibu mapafu.

Utakavyohitaji

- Penseli, futi ya kupimia, tochi na simu ya kupigia picha
- Mpira wa maji unaofika juu ya ukuta, na mtu wa kukaa ndani akitazama
- Ngazi imara na mtu wa kuishikilia
- Tindo, nyundo, brashi ya waya, mwiko, na pima maji (kifaa cha kuonyesha kitu kinainamia upande gani)
- Simiti, mchanga wa mtoni uliochekechwa, na chokaa kama ukuta ni wa matofali laini
- Silikoni ya nje isiyonuka siki (inayonuka siki hushambulia chuma cha dirisha)
- Wavu wa kuku na misumari ya simiti
- Glavu, miwani na barakoa. Simiti mbichi huchoma ngozi

Kwa plasta ya unene wa milimita 15, ukichanganya simiti 1 kwa mchanga 4, mfuko wa kilo 50 hutosha mita za mraba 7 hadi 8. Usinunue mifuko mitano kwa ajili ya ukuta mmoja.

Kuhusu wakati: panga kazi ya nje kati ya Desemba na Februari. Ukitaka kuziba nyufa katikati ya Aprili, utakuwa unayafungia maji ndani.

Hatua kwa hatua

1. Chora mpaka wa doa. Zungushia doa mstari wa penseli, uandike tarehe. Mvua ikinyesha tena, chora mpaka mpya. Baada ya mvua tatu utajua linakua kuelekea wapi. Piga picha kila mara ukiwa umesimama mahali pale pale.

2. Hamisha kipimo hadi nje. Pima kutoka pembe ya dirisha hadi katikati ya doa, kisha utoke nje upime hivyo hivyo. Sasa tazama hapo, halafu tazama *juu ya hapo* mpaka kwenye paa. Maji hushuka, ni nadra mlango wake kuwa chini ya doa. Andika kila unachokiona: ufa, plasta iliyovimba, kijani cha kuvumwani, alama ya maji chini ya gata, kutu kwenye fremu. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, imeachana na ukuta na maji yanaweza kuwa yamelala nyuma yake.

3. Fanya jaribio la mpira wa maji. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Chagua siku ambayo ukuta umekauka. Anza CHINI, usianze juu. Mwagilia sehemu moja tu, polepole kama mvua, kwa dakika 20 hadi 30, huku mwenzako yuko ndani na tochi. Kusipotokea kitu, panda sehemu inayofuata: kizingiti cha dirisha, kisha kando za fremu, kisha linta (boriti ya zege iliyo juu ya dirisha), kisha kiungo cha ukuta na bimu (boriti ya zege inayopita juu ya mawe), mwisho paa. Ukianza juu, maji yatatiririka kupitia sehemu zote na hutajua ni ipi iliyovuja.

Mwalimu mmoja mstaafu kule Mamboleo, Kisumu, alinionyesha doa chini ya dirisha la chumba cha wageni. Fundi aliyetangulia alikuwa amepaka silikoni kuzunguka dirisha mara mbili. Tulilimwagilia dirisha nusu saa nzima: ndani kukavu. Tukapanda mpaka mstari ambapo mawe hukutana na bimu, juu kabisa ya linta. Dakika ya kumi na moja mjukuu wake akapiga kelele kutoka ndani. Tone lilikuwa limejitokeza kwenye pembe ya chini ya fremu, likaning'inia, likaanguka sakafuni, na jingine likafuata. Maji yaliingilia juu kwenye ufa mwembamba kama unywele, yakatembea juu ya linta mpaka mwisho wake, ndipo yakashuka kando ya dirisha. Mama yule alilishika dirisha lake, akaniuliza, "Kwa hivyo hili halikuwa na kosa?" Halikuwa nalo. Tulirekebisha ule ufa kwa siku moja.

4. Shughulikia paa na gata kwanza. Hata kama umeshaona ufa ukutani, maji ya paa yakiendelea kuumwagikia ukuta hakuna plasta itakayostahimili. Toa majani na udongo kwenye gata. Hakikisha gata ina mteremko wa karibu milimita 5 kwa kila mita kuelekea kwenye paipu ya kushukia, na kwamba paipu hiyo haimwagi maji mguuni mwa ukuta. Pale mabati yanapokutana na ukuta, kagua bati linalofunika kiungo: sehemu yake ya juu iwe imechimbiwa ndani ya ukuta na kuzibwa. Kuipigilia misumari tu juu ya plasta hakutoshi.

Kwa nyumba zenye paa lililofichwa, panda ukaone sehemu ya juu ya ule ukuta unaolificha. Mara nyingi imeachwa wazi, au ina plasta tambarare iliyopasuka. Iwekee kofia ya simiti yenye mteremko wa kuelekea paani, ichomoze pande zote mbili. Fungua na tundu za kutolea maji. Nimewahi kutoa kiota kizima cha ndege kwenye tundu moja, na maji yalikuwa yamesimama nyuma yake kama karai lililojaa.

5. Dirisha. Simama nje uweke pima maji juu ya kizingiti. Kinatakiwa kuinamia nje. Kikiinamia ndani, hata kidogo tu, kila mvua inaletwa sebuleni. Kikwangue, ukipige upya kwa mteremko unaoonekana kwa macho.

Halafu pitisha kidole chako chini ya kizingiti, kwenye sehemu inayochomoza. Je, unahisi kijimfereji kinachokwenda urefu wote? Hicho ndicho kinachokata matone yaanguke chini. Kisipokuwepo, tone hufika ukingoni, hujikunja, hutambaa chini ya kizingiti mpaka ukutani, na huko hunyonywa. Kizingiti kinatakiwa kuchomoza milimita 40 hadi 50, na kijimfereji kiwe na upana na kina cha karibu milimita 10. Wakati plasta bado mbichi, bonyeza kipande cha nondo cha milimita 10 kwa urefu wote kisha ukitoe. Kazi ya dakika tano, lakini kati ya madirisha ninayoitiwa, machache sana yamefanyiwa hivyo.

Mwisho, mwanya kati ya fremu na ukuta. Toa plasta iliyolegea, futa kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo ujaze na kumalizia kwa silikoni. Silikoni juu ya vumbi au kutu hubanduka ndani ya msimu mmoja.

6. Nyufa. Ufa mwembamba chini ya milimita 2 unaweza kuzibwa kwa kijazio cha nje kinachonyumbulika. Ulio mpana zaidi, uchimbe kwa tindo uwe kama herufi V, upana wa karibu milimita 10 na kina cha 15 hadi 20. Piga brashi, nyunyizia maji, kisha jaza kwa simiti 1 na mchanga 3, ukibonyeza kwa nguvu mpaka ndani kabisa. Kupaka juu juu ni kuficha ufa.

Ufa unaofuata mstari kati ya mawe na bimu au nguzo utarudi ukiuziba hivyo tu, kwa sababu vitu hivyo viwili havipanuki sawa jua likiwaka. Kwangua plasta sentimita 10 kila upande, pigilia mkanda wa wavu wa kuku wa upana wa sentimita 20 juu ya kiungo, ndipo upige plasta. Hivyo ndivyo tulivyofanya Mamboleo.

Onyo: ufa unaopita upana wa milimita 5, au unaopanda kama ngazi kupitia viungo vya mawe, au milango iliyoanza kukwama, hayo si mambo ya mvua. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama wa nyanda za Kano karibu na Kisumu, hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba hucheza pamoja nao. Andika tarehe kwenye ncha za ufa, na ukiendelea kukua mwite mhandisi kabla hujatumia pesa kwa plasta.

7. Viungo vya matofali na mawe yasiyo na plasta. Kwaruza viungo vilivyooza hadi kina cha milimita 20, safisha, lowesha, jaza upya. Hapa ndipo mafundi wengi tunapokosana. Wanaamini simiti nyingi ndiyo nguvu. Kwa matofali laini ya kienyeji, kiungo kigumu kuliko tofali hupasuka pembeni, maji huingia kwenye mpasuko na hayana pa kutokea ila kupitia tofali lenyewe, ambalo huanza kumeguka. Tumia simiti 1, chokaa 1, mchanga 6. Kwa mawe magumu, simiti 1 kwa mchanga 4 inafaa. Bonyeza kiungo kwa chuma cha mviringo kiingie ndani kidogo na kiwe laini, ili maji yasipate rafu ya kukalia.

8. Plasta ya nje. Toa yote inayolia tupu, usibakize kipande kwa huruma. Lowesha ukuta, piga plasta kwa uwiano wa 1 kwa 4, kisha uinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Plasta iliyokaushwa na jua la Kisumu siku ya kwanza hupasuka vijiufa vidogo kama utando, na mvua huingilia humo humo. Subiri wiki nne kabla ya kupaka rangi.

9. Mguu wa ukuta. Udongo wa nje uwe angalau milimita 150 chini ya karatasi ya kuzuia unyevu iliyowekwa juu ya msingi. Vitanda vya maua vilivyorundikwa ukutani viondoe. Kuzunguka nyumba weka njia ya simiti inayoinamia mbali na ukuta.

10. Subiri. Ukuta wa inchi 6 uliolowa kwa miaka haukauki kwa wiki mbili. Hesabu ya kale ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Upepo wa kutosha ukipita pande zote mbili huenda ikawa haraka zaidi, lakini usipange karamu. Fungua madirisha mchana, sogeza samani. Rudia jaribio la nailoni kabla ya kupaka chochote.

11. Ndani, mwishoni kabisa. Chumvi nyeupe ipige brashi ikiwa kavu na uizoe. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ukutani. Ukungu ufute kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji, madirisha yakiwa wazi, na usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani hutoa gesi inayoweza kuua. Kwangua rangi na puti iliyolegea, tengeneza upya, kisha upake rangi ya maji. Usipake rangi ya mafuta kwenye ukuta huu. Hufunga unyevu uliobaki, nao huisukuma na kuivimbisha.

Bado kuna tatizo?

*Doa limerudi mahali pale pale.* Kuna mlango wa pili. Rudia jaribio la mpira, na safari hii mwagilia kila sehemu saa nzima. Ukuta mnene huchelewa kuonyesha maji.

*Doa limehamia pembeni au chini.* Umeziba njia ya kutokea badala ya kuziba ya kuingilia. Panda juu zaidi.

*Ukuta mzima unalowa bila ufa wowote.* Mawe au matofali yenyewe yananyonya. Ukuta ukiwa umekauka na viungo vimeshatengenezwa, paka nje dawa ya kufukuza maji isiyo na rangi, ile inayoruhusu ukuta kupumua. Mimina tone la maji baada ya siku chache: likiviringika na kuteleza, imeshika. Kwa ukuta unaopigwa sana, plasta ndiyo suluhisho la kudumu.

*Unapanga, na nyumba si yako.* Chora doa, piga picha zenye tarehe, mpelekee mwenye nyumba pamoja na matokeo ya nailoni. Ni vigumu kwake kusema ni mvuke wa jikoni kwako wakati matone yako upande wa ukuta.

*Ukuta umekauka kabisa, lakini alama ya kahawia inajitokeza kila ukipaka rangi.* Hiyo ni rangi ya kutu na uchafu uliobaki kwenye plasta. Rangi ya maji huiyeyusha na kuivuta juu. Paka koti moja la praima ya mafuta ya kuzuia madoa juu ya alama tu, upana wa kiganja kuipita pande zote, iache ikauke usiku mmoja, kisha malizia na rangi yako ya kawaida.